Kiti cha Mbele

Mafundi wa magari ninaowafahamu hawana neno "starehe". Wana maneno mengi ya mateso. Gari linadunda, gari linayumba, gari linalala kwenye kona, gari linagonga chini, springi imechoka, shokapu imekufa. Ukimwambia fundi unataka gari litulie, atakuelewa, ila atakuuliza papo hapo: litulie likiwa na mzigo, au likiwa tupu? Kazi yangu mimi ni kusoma miswada ya watu na kuisahihisha, kwa hiyo nimezoea maswali ya namna hiyo, mafupi, yanayokuonyesha kwamba sentensi yako ilibeba maana mbili na wewe ulikuwa unaijua moja. Swali hili la fundi liliikalisha familia yetu kwa miezi mitatu.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce, yaani Haisi, toleo lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, pua fupi, injini chini ya viti vya mbele. Wasomaji wa Dar es Salaam wa umri wangu mnalikumbuka kwa jina la kipanya. Wakenya watasema ni nissan hata kama limeandikwa Toyota, na sitabishana nao. Baba alilinunua likiwa limeshatumika Japani. Alipofariki likabaki mikononi mwa mdogo wake, kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa popote: baba mdogo analiendesha na kulitunza, mapato yanagawanywa nyumba mbili, na mama akiwa na safari anapelekwa. Kwetu ni juu ya Lushoto, kwenye vijiji vya kabichi, karoti na viazi. Siku za gulio la Lukozi linabeba viroba mpaka dirishani. Siku nyingine linabeba watu. Siku moja kwa mwezi linambeba mama.

Mwaka juzi mama aliteleza kwenye ngazi za udongo za shambani, akakaa chini kwa kishindo. Pingili mbili za mgongo zikabonyea. Daktari alituonyesha kwenye picha: pingili nyingine zimesimama kama matofali, hizo mbili zimekaa kama matofali yaliyokanyagwa upande mmoja kabla hayajakauka. Hakuhitaji upasuaji. Alihitaji dawa, mazoezi, na kwenda kliniki Tanga mjini kila mwezi. Kwenye karatasi aliyopewa kulikuwa na mstari mmoja kuhusu safari: aepuke mitikisiko. Naujua mlima wetu. Niliposoma mstari ule nilicheka, halafu nikanyamaza.

Kutoka kijijini hadi Lushoto ni barabara ya udongo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni lami, kilomita zipatazo 33, inayoshuka kutoka kimo cha takribani mita 1,400 kwa kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule, maporomoko ya Soni njiani. Ukishafika Mombo unaingia barabara kuu, tambarare, na hapo utadhani mateso yamekwisha. Kumbe ndiyo unakutana na matuta na rasta. Tuta walau linakupa heshima: dereva anapunguza mwendo, gari linapanda, linashuka, basi. Rasta, ile mistari midogo inayopangwa kabla ya kila kijiji, haina mazungumzo. Trrrrr, na meno yanagongana. Niliposafiri na mama mara ya kwanza nilikuwa na mswada wa riwaya mapajani. Kwenye kona za mlima niliweza kusoma. Kwenye rasta za barabara kuu mistari ilikuwa inapanda juu ya mistari mingine, neno "alilia" likawa "alila". Mama alikuwa mbele pembeni ya dereva, ameshika ule mshikio wa juu ya dirisha kwa mikono miwili, hajasema neno toka Korogwe. Tangu siku ile nimekuwa nikipima gari letu kwa ukurasa: kama herufi zinasomeka, mgongo wa mama unapona. Wahandisi wana vipimo vyao, mimi nina huo.

Sasa, kwa nini Haisi letu lilikuwa gumu kiasi kile? Kwa sababu baba alilifanya hivyo, na alikuwa na sababu.

Springi za nyuma za gari hili ni za mabamba: vipande virefu vya chuma vilivyopinda kama upinde, kirefu juu, vifupi vikifuatana chini yake, vimebanwa pamoja katikati. Ni ufundi wa zamani, ulikuwepo kwenye magari ya farasi kabla ya injini, na haujafa kwa sababu ni rahisi, unabeba, na ukivunjika unatengenezeka kijijini. Gari lilipopakiwa viroba vya viazi, nyuma lilikuwa linalala mpaka taa zinaangalia mbinguni na usukani unakuwa mwepesi, maana magurudumu ya mbele hayana tena uzito wa kuyakandamiza. Kwa mtu anayeshuka mlima wenye bonde upande mmoja, usukani mwepesi si jambo la mchezo. Baba akaongeza mabamba mawili kila upande, yaliyotoka kwenye springi za lori dogo. Gari likasimama sawa. Kwa miaka mingi halikulala tena, likabeba viazi vilivyonisomesha. Sitaki mtu asome hapa akadhani namlaumu marehemu.

Ila springi haina akili ya kujua leo imebeba nini. Springi iliyopangwa kwa viroba inamsubiri kiroba. Akikaa mama wa kilo hamsini na kitu, haisikii kama kuna mtu. Haibonyei. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, badala ya springi kukunjika, gari zima linanyanyuka pamoja na aliyemo.

Kuna hesabu moja nzuri sana hapa, na naiandika kwa ajili ya wale kati yenu wanaopenda riwaya lakini hawaogopi namba. Ukitaka kujua gari litatikisika kwa kasi gani, tazama tu springi imebonyea kiasi gani chini ya uzito uliopo. Ikiwa imebonyea sentimita 25, gari likisukumwa litapanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Ikiwa imebonyea sentimita 6 tu, ni mara mbili kwa sekunde. Kadiri inavyobonyea kidogo, ndivyo mtikisiko unavyokuwa wa haraka. Magari madogo ya watu huwa kwenye mara moja hadi moja na nusu. Nyuma ya Haisi letu tupu, fundi alipoliinua kwa jeki na kupima kwa futi kamba, tofauti ilikuwa kama sentimita 4. Piga hesabu unapata mara mbili na nusu, na hiyo ni kama mabamba yangekuwa yanateleza vizuri. Ya kwetu yalikuwa yameshikana kwa kutu. Kwa vishindo vidogo kama vya rasta hayakuteleza kabisa, ni kama gari lisilo na springi. Sasa weka hiyo pembeni ya jambo jingine ambalo wanaopima mitikisiko wanalijua, lipo hata kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 2631: mwili wa binadamu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu-chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Hapo ndipo kiwiliwili na uti wa mgongo vinapoitikia. Kadiri springi inavyokuwa ngumu, ndivyo unavyousogelea ukanda huo.

Kilichonivutia ni jinsi watu walivyoyajua haya. Miaka ya 1930 Mwingereza mmoja, Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors kule Marekani, aliunda gari la majaribio lenye vyuma vizito vya kuhamishwa huku na huku, ili aweze kubadilisha uzito na springi na kusikia mwilini kinachotokea. Humo ndimo ilimotoka kanuni ambayo wahandisi bado wanaitumia: springi za mbele ziwe laini kidogo kuliko za nyuma. Mbele inakutana na tuta kwanza, nyuma baadaye. Nyuma ikiwa ya haraka kidogo inaiwahi mbele, na gari zima linapanda na kushuka kwa pamoja badala ya kusujudu na kuinuka. Kidogo, lakini. La kwetu nyuma ilikuwa imezidi mno, kwa hiyo lilikuwa linarusha mkia kama punda aliyeumwa na nzi.

Nilipomweleza mama habari hizi hakushangaa. Akaniambia bibi, mama yake, alishushwa mlimani kwa machela, akiwa na uchungu wa mtoto uliokataa. Wanaume wanne, na wengine wanne wa kupokezana. Wachukuzi wazuri, alisema, hawatembei kwa hatua moja. Wakitembea kama askari, machela inaanza kubembea na mgonjwa anatapika. Kila mmoja anavunja hatua yake, magoti yamelegea, na mgonjwa anakaa pale juu kama maji kwenye mtungi. Bibi alifika. Mtoto yule ni mjomba wangu mkubwa.

Fundi wetu yuko Mombo, chini ya mwarobaini, hana kibao. Ni mzee, na ukimpa shikamoo anaitika marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi. Alilala chini ya gari dakika ishirini. Alipotoka alikuwa na orodha kichwani, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa malalamiko ya jumla dhidi ya wateja.

"Watu wanakuja hapa gari limelala, wanasema nibadilishie shokapu. Shokapu haibebi kitu, binti. Itoe zote nne, gari litasimama palepale lilipo. Springi ndiyo inabeba. Shokapu kazi yake ni kumwambia springi: basi, imetosha."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi. Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na ile nguvu ya kurukaruka inageuka joto. Ndiyo maana ukiigusa baada ya barabara mbaya ndefu inaunguza. Ndiyo maana pia shokapu ya bei rahisi inachoka safarini: mafuta yanachanganyika na hewa, yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Zile za gesi zinawekwa naitrojeni kwa shinikizo ili povu lisitokee kirahisi. Za kwetu, mbili za nyuma zilikuwa zimevuja siku nyingi. Hatukujua, kwa sababu mabamba magumu yaliyoshikana kwa kutu yalikuwa yanazuia mdundo kwa msuguano wao wenyewe. Ugonjwa mmoja ulikuwa umeficha mwingine.

Mbele kulikuwa na habari nyingine. Huko hakuna mabamba. Kuna fimbo ndefu ya chuma kila upande, imelala kufuata urefu wa gari. Gurudumu likipanda fimbo inajisokota kama kanga inayokamuliwa, likishuka inajifungua. Mwishoni mwa kila fimbo kuna bolti ya kurekebishia kimo. Fundi fulani, sijui wa wapi wala wa lini, alikuwa ameikaza ili pua ya gari iinuke ilingane na mkia uliopandishwa. Wengi wanaamini kuikaza kunafanya springi iwe ngumu zaidi. Haifanyi hivyo, fimbo ni ileile, ugumu ni uleule, ila gari limenyanyuliwa. Na likinyanyuliwa sana gurudumu linabaki halina pa kushukia. Likifika kwenye shimo, badala ya kulifuata shimo, mkono wake unagonga mwisho: ko! Ile "ko" tuliisikia kila siku na tulidhani ni mlango.

Ongeza bushi za mpira zilizoliwa, zile zinazoshika mikono ya mbele na ncha za springi, zinazofanya gari litangetange kwenye barabara iliyonyooka mpaka dereva awe anasahihisha usukani muda wote (kazi ninayoifahamu). Ongeza mipira iliyojazwa upepo wa viazi hata siku isiyo na viazi. Namba ya upepo imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva tangu gari lizaliwe. Ilikuwa imefunikwa na picha ya msikiti.

"Sasa," akasema fundi, "mnataka nini? Litulie na mzigo, au litulie tupu?"

Baba mdogo alijibu kabla yangu. "Mwanangu, mabamba yale aliyaweka kaka. Tukiyatoa, viazi utavibeba kwenye mkoba wako wa vitabu?"

Ilikuwa utani na haikuwa utani. Springi ndizo zinazomlisha, zinalisha watoto wake wanne, na nusu ya kile kinachobaki kinamfikia mama. Gari laini linalolala likipakiwa ni hatari mlimani, na mimi siwezi kumwambia mtu anayeshuka Soni na tani ya viazi jinsi ya kuogopa. Nikapendekeza tukodi teksi siku za kliniki. Mama akakataa: hela nyingi, na gari dogo liko chini, kuingia na kutoka kunamkunja palepale pa kuvunjikia. Nikapendekeza nitume hela nyingine kufidia safari zitakazopunguzwa mzigo. Hapo ndipo mama aliposema alichokuwa anakifikiria muda wote, jioni moja, akichambua mboga, sauti ya kawaida kabisa.

"Mimi napanda gari siku moja kwa mwezi. Viazi vinapanda siku nne kwa wiki. Hesabu hiyo nani haioni?"

Nimesikia wanawake wengi wa kwetu wakipiga hesabu ya namna hii, daima wao wenyewe ndio wanaotoka kwenye jumla. Sikumjibu. Nilijua nikijibu nitapandisha sauti. Baba mdogo naye hakujibu, akatoka nje, akawasha gari, akalizima, akarudi akakaa. Mkewe akaleta chai. Miezi mitatu ikapita hivyo, mama akienda Tanga na kurudi, kila safari akilala siku mbili kabla ya kuweza kuinama.

Aliyetutoa pale ni yule mzee wa Mombo, na wala hakuwa anapatanisha watu, alikuwa anafikiria chuma. Alimpigia simu baba mdogo mwenyewe. Alisema mabamba ya marehemu ni mazuri, kosa lake ni kwamba yako kazini muda wote. Tutoe yote mawili kila upande. Moja tulirudishe, fupi, lililonyooshwa, tuliweke chini kabisa likiwa na nafasi, lisiguse kitu gari likiwa tupu. Uzito ukija, springi za kiwandani zinabonyea, zinakutana na lile bamba, na kuanzia hapo yanabeba pamoja. Bamba la msaada. Magari mengi ya mizigo yanatoka nalo kiwandani; hakugundua kitu kipya na hakudai kwamba amegundua. Lakini sisi tulikuwa tumekaa miezi mitatu tukigombania gari liwe la nani, na yeye akasema liwe la mama mpaka hapa, na kuanzia hapa la viazi.

Nilinunua shokapu nne za gesi Gerezani, Kariakoo, nikazisafirisha kwa basi zikiwa chini ya miguu yangu. Bei sitaitaja, baba mdogo huwa anasoma humu. Bushi nilinunua seti nzima. Fundi na vijana wake walifanya kazi siku mbili. Mabamba yalitenganishwa, yakasuguliwa kutu kwa brashi ya waya, yakapakwa grisi, na kwenye ncha zake yakawekewa vipande vya plastiki ngumu ili yateleze. Lile la msaada alilikunja likiwa baridi, kwa nyundo, pigo moja baada ya jingine, akilipima kwa jicho. Moto hakuuruhusu usogee. Springi ikipashwa moto ovyo inapoteza ukaidi wake, alisema, na springi isiyo na ukaidi ni bati. Mbele akalegeza zile bolti mpaka gari likakaa kwenye kimo chake, akabadilisha mipira ya stebilaiza, akaweka upepo kwa namba ya mlangoni. Tukapima tena nyuma, tupu: sentimita 7.

Hofu ya baba mdogo ilikuwa kona. Gari refu kwenda juu, springi zimelainishwa, si litalala? Tulipanda kuelekea Soni, yeye akiendesha kama anayebeba mayai. Lilalala, ndiyo, kidogo zaidi kuliko zamani. Ila lililala mara moja likatulia hapo mpaka kona ikaisha, kisha likainuka. Zamani halikuwa linalala, lilikuwa linarukaruka. Kwenye kona yenye mabaka ya lami mkia ulikuwa unahama pembeni hatua kwa hatua, kwa sababu gurudumu gumu linaacha ardhi kila likikutana na kinundu. Tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Kwenye kona ya nne baba mdogo alianza kuendesha kwa mkono mmoja, jambo ambalo silisifu, lakini nililielewa. Wiki iliyofuata alipakia viazi, akanitumia picha: nyuma limeshuka vidole vitatu, limesimama. Hakuandika neno lolote chini ya picha. Siku hizi hapakii mpaka dirishani. Lile bamba moja halifanyi kazi ya mawili, na anaijua safu ya kiroba ambayo akiivuka gari linamwambia. Kwa hiyo kuna Jumatano nyingine anakwenda mara mbili, na mafuta ya safari ya pili yanaliwa na nyumba zote mbili. Hilo bado linazungumzwa.

Kwenye rasta za Korogwe nilifungua mswada. Nilikuwa nyuma ya dereva, na nilisoma aya nzima. "Alilia" ilibaki "alilia".

Nikamgeukia mama, na mama alikuwa bado ameshika ule mshikio kwa mikono miwili.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kile kiti. Ndani ya Haisi anayekaa mbele amekaa juu ya gurudumu la mbele hasa. Mguu wake wa kupandia unapita karibu na tairi. Kila ambacho gurudumu linakutana nacho kinamfikia yeye kwanza. Anayekaa benchi la mwisho yuko juu ya gurudumu la nyuma, au nyuma yake kabisa, naye anarushwa. Sehemu iliyotulia kuliko zote ni katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kama katikati ya pembea inavyotulia kuliko ncha zake. Yaani safu ya kwanza nyuma ya dereva, pale nilipokuwa nimekaa mimi na mswada wangu. Fundi alikuwa ameshamwambia baba mdogo: mama asikae mbele. Baba mdogo hakuthubutu kulifikisha.

Kwa sababu kiti cha mbele ni kiti cha mama. Ni mke wa mwenye gari. Tangu gari lifike, hakuna aliyewahi kukaa pale mama akiwemo, si mwalimu mkuu, si diwani. Kumwambia mjane ahamie nyuma kwa abiria, na gari sasa liko mikononi mwa shemeji yake, hata ukifungua kitabu cha Olley ukamsomea, atasikia kitu kimoja tu, na kijiji kizima kitakachomwona anapita dirishani kitasikia hichohicho. Nilipomweleza aliniuliza, "Kiti changu amepewa nani?"

Nikasema hakuna aliyepewa.

"Basi kwa nini nihame?"

Nilimweleza habari ya pembea, habari ya magurudumu. Akanisikiliza mpaka mwisho kama anavyowasikiliza vijana wa bima. Kilichomhamisha, nadhani, ni machela. Baba mdogo ndiye aliyeitaja, akiwa anafunga kofia ya radieta, hata hakumtazama: "Shemeji, kwenye machela mgonjwa anakaa mbele na mchukuzi, au katikati?" Mama hakujibu. Safari ya mwezi uliofuata alifungua mwenyewe mlango wa kutelezesha, akakanyaga kile kidaraja cha chini ambacho, kumbe, ni rahisi kwake kuliko kupanda mbele, akakaa katikati, akaniambia nimsogezee mto.

Yale mabamba mawili yaliyobaki aliyadai kwa fundi. Moja amempa mhunzi, limetoka panga la kufyekea migomba ambalo amewakataza watoto wote kuligusa. La pili liko nyuma ya mlango wa jikoni, limeegeshwa tu.

Siku za kliniki baba mdogo huchukua abiria wachache njiani kufidia mafuta. Kiti cha mbele hakiuzi. Mama akishakaa, yeye huchukua kikapu chake, chenye chupa ya chai na kadi ya hospitali, anakiweka pale mbele, anakifunga mkanda. Ni nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi, kila mwezi, na kwenye hesabu ya nyumba mbili haijawahi kuandikwa. Mwezi uliopita, stendi ya Korogwe, kijana mmoja mwenye begi alichungulia dirishani akauliza kama pale mbele pana mtu.

"Pana mtu," akasema baba mdogo, akaondoa gari.